Sufuria ya Soja

Jumapili, 15 Oktoba

Mwalimu Nzisa amefunga darasa la ngumbaru mpaka mavuno, kwa sababu kila mtu ameinama shambani. Alisema, "Akina mama, andikeni kila siku hata mstari mmoja, herufi zisiwatoroke." Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Nilitolewa shule darasa la pili nikachunge mbuzi, na sitatolewa mara ya pili. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho alichonifundishia. Kikamba nakiweka cha kugombana.

Hapa ni kwa Syokau, mjane wa Kyule, juu kidogo ya Kibwezi, mahali nyani wanajua shamba la kila mtu. Tuko watatu: mimi, mjukuu wangu Kavindu ambaye hata meno ya mbele hana, na mbwa wetu Soja. Mwanangu Ben yuko Mombasa na kazi zake. Tukipanda ndengu, Soja ndiye ukuta. Bila yeye nyani wanavuna, mimi naokota maganda. Na ndengu ndiyo mwaka wetu mzima.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mawingu mengi, mvua hakuna. Kama wanasiasa.

Jumamosi, 21 Oktoba

Leo nimedharauliwa mchana kweupe.

Bucha ya sokoni ilikuwa ya Ndeti. Kila Jumamosi Ndeti alinipa mapafu na maini yenye vile vifuko vya maji, ambavyo mtu hawezi kula. Hiyo ni haki ya mbwa. Kyule wangu akichinja mbuzi, kitu cha kwanza kuanguka chini kilikuwa hicho, na mbwa alikuwa anakidaka kabla hakijagusa vumbi. Sasa Ndeti amehamia Kikima, na bucha imechukuliwa na Wasomali, Aftin na mke wake Shamso. Nikaenda na karai yangu, Soja nyuma yangu.

"Mama, hii sipeani," Shamso akasema.

"Kwani mnaikula nyinyi?"

"Hapana. Naichoma, halafu naifukia."

Nikafikiri sijasikia vizuri. Nikazunguka nyuma ya bucha, nikaona shimo kwa macho yangu, moshi unatoka, harufu ya mafuta taa. Haki ya mbwa wangu inachomwa kama takataka!

Akanifuata. "Usikasirike, mama. Kaa kidogo nikuchemshie vipande vizuri, umpelekee hiyo kitu."

Hiyo kitu! Soja alikuwa amekaa hapo kwa adabu kuliko wateja wengine, na yule mwanamke anavuta dira lake, lile gauni pana la Kisomali, pembeni kana kwamba mbwa ni moto.

Nikamwambia, "Mbwa wangu hajalazwa hospitali ale vitu vya kuchemshwa." Nikaondoka na karai yangu tupu, kichwa juu. Sitarudi.

Jumatano, 25 Oktoba

Mvua! Imenyesha mpaka kuku wakapanda kitandani. Kesho tunapanda.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mgongo. Sina zaidi ya kuandika.

Jumapili, 5 Novemba

Ndengu zimeota, zimesimama kama watoto wa shule asubuhi.

Baada ya kanisa nimepita kwa mzee Ndululu, yule anayefuga mbwa wa kuwinda wenye mbavu za kuhesabika. Nikamweleza habari ya yule mke wa bucha. Alicheka mpaka ugoro ukamwagika.

"Kuchemsha? Mama Ben, moto ukiingia kwenye nyama, ukali unatoka na moshi. Huyo mbwa wako akizoea nyama iliyopikwa, nyani wakija atawaamkia. 'Hamjambo? Karibuni ndengu.'"

Tukacheka wote. Akanipa mapafu ya mbuzi aliyechinja jana, na vifuko vyake vya maji vimejaa. Huyo ndiye jirani.

Jumamosi, 11 Novemba

Soja amefukuza nyani mpaka kwenye mawe. Amerudi ulimi nje, anajisikia. Kavindu amemkumbatia akalala juu yake kama mto. Halafu mkono huohuo umeingia kwenye isyo, mahindi na maharagwe yetu. Nimempiga kofi la mkono, akalia kidogo, akaendelea kula.

Jumamosi, 18 Novemba

Leo ni siku ndefu na nitaiandika yote, hata kama mafuta ya taa yataisha.

Ndululu alikuwa ameniletea tena mapafu. Nimemtupia Soja pale uani, anakula, Kavindu anamkuna masikio. Mara nasikia mtu anapiga kelele langoni. Ni Shamso. Alikuwa amekuja kuulizia maziwa ya mbuzi. Aliingia bila hodi, akamnyakua Kavindu kama mwewe, akamburuta mpaka kwenye tangi, akaanza kumsugua mikono kwa sabuni yangu ya kipande.

Nikamwendea na mwiko. Nikasema, "Wewe! Mjukuu wangu si uchafu! Na mbwa wangu si uchafu! Kama dini yako inakukataza, kaa kwako!"

Alimaliza kuosha mpaka kwenye kucha. Kisha akaniambia polepole, "Mama, tuingie jikoni. Mtoto abaki nje."

Sijui kwa nini niliingia. Labda ni kwa sababu hakupandisha sauti. Mtu ambaye hapandishi sauti huniogopesha.

Ndani ya jikoni, moshi mwingi, akainua nguo yake upande wa kulia. Chini ya mbavu ana kovu, pana, limeshonwa vibaya, kama gunia lililoshonwa na mtu mwenye haraka.

"Nilikuwa na mbwa," akasema. "Huko kwetu, nikiwa mdogo, tukichunga. Tulimwita Libah. Maana yake simba, lakini alikuwa mwoga wa mvua. Nilikuwa nalala na yeye. Baba akichinja, alimtupia yale maji. Mbichi, vile wewe unafanya."

Nikaweka mwiko chini.

"Kuna mnyoo mdogo, mama, unakaa ndani ya yale maji. Mbwa akiyala mabichi, unakua tumboni mwake. Yeye haumwi. Lakini mayai yanatoka na choo chake, yanashika manyoya. Mtoto anamshika, anaweka mkono mdomoni. Leo huoni kitu. Nimeolewa, nina mimba, ndiyo tumbo linavimba upande usio wa mtoto. Walinitoa mfuko wa maji kama kichwa cha mtoto mchanga. Huyo mtoto wangu hakuishi."

Nje Kavindu alikuwa anamwimbia Soja wimbo wa Sunday school.

"Unafikiri namchukia huyu mbwa," Shamso akasema, anashusha nguo. "Namwogopea huyo mtoto. Na nikimwona mbwa wako namkumbuka wangu. Ndiyo nikimwona napita mbali."

Nikampa maziwa aliyoyafuata. Alipotoka nikachukua yale mapafu kutoka mdomoni mwa Soja, akanikodolea macho, nikayatupa motoni. Moshi ulikuwa mbaya. Nililia, na haikuwa moshi peke yake.

Jumapili, 19 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimeosha kila kitu.

Jumanne, 21 Novemba

Daktari wa mifugo, Ndolo, alikuwa sokoni akidunga mbwa sindano ya kichaa. Nikamsimamisha mbele yangu kama karani. "Ni kweli haya mambo ya vifuko vya maji?"

"Ni kweli kabisa, mama." Akampa Soja vidonge vya minyoo, akaniambia nirudi kila baada ya miezi kadhaa, na choo cha mbwa nikizike mbali, na mtoto aoshe mikono, na nimpeleke hospitali apigwe picha ya tumbo. "Nyama ya kupikwa si mbaya kwa mbwa. Ni nzuri. Ichemshe mpaka katikati ibadilike rangi. Bila chumvi, bila kitunguu. Lakini mama, kwa upande wa mifupa..."

"Nimesikia!" nikamwambia. Watu walikuwa wanatuangalia. Mimi ni mama mzima, nimezika mume, nimelea watoto, nifundishwe kupika mbele ya soko lote na kijana wa juzi? Nikaondoka.

Alhamisi, 23 Novemba

Picha ya tumbo la Kavindu ni safi. Turudi mwakani waangalie tena. Ngai, asante.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimerudi bucha. Kichwa sikukishusha, lakini nilirudi. Nikamwambia Shamso, "Nipe vile vipande. Nitachemsha mwenyewe." Hakunicheka. Akanijazia mfuko, akasema, "Mama, hiyo ni ya Libah." Sasa nampa maziwa, ananipa vipande.

Jumatano, 29 Novemba

Nimemtengea Soja sufuria yake, ile yenye mpini uliovunjika, na mafiga yake nyuma ya nyumba. Nachemsha vipande, nachanganya na ugali wa jana. Analamba mpaka sufuria inang'aa kuliko ile ninayoosha mimi.

Jumapili, 3 Desemba

Akina mama wa kanisa walipita wakasikia harufu. "Mama Ben, ni mgeni gani unampikia nyama na Krismasi bado?" Nikasema ni dawa ya mgongo. Mungu anisamehe. Bora uongo kuliko Kibwezi nzima iseme Syokau amekuwa mpishi wa mbwa.

Jumatatu, 11 Desemba

Ndengu zimetoa maua. Mvua inaendelea vizuri. Manyoya ya Soja yanang'aa, na jana alimng'ata nyani dume mkia. Nimempitia Ndululu kwa makusudi nikamwambia, "Huyo wa kuchemshiwa amewaamkia, ndiyo. Kwa meno." Akasema ni bahati.

Jumatatu, 25 Desemba

Ben amekuja. Amechinja mbuzi, na kuku wawili. Nyumba imejaa kelele za furaha. Vile vifuko vya maji vilikuwepo kwenye maini. Nilivichoma mwenyewe mbele ya wote na kuwaeleza kwa nini. Ben alisema, "Mwaitu, umekuwa daktari!" Nilijisikia kama mwalimu.

Watu walipomaliza kula nilikusanya mifupa yote, ya mbuzi na ya kuku, sufuria nzima, nikaichemsha tena kwa Soja. Kama nyama iliyopikwa ni salama, mfupa uliopikwa mara mbili je? Ben akacheka, "Huyu mbwa anakula Krismasi kuliko sisi."

Soja alikula mpaka akalala chali. Hata mimi nililala vizuri.

Jumanne, 26 Desemba

Soja hajaamka kwenda shambani. Nimemwita mara nyingi. Anainua mkia, hainui mwili.

Jumatano, 27 Desemba

Tumbo lake ni gumu kama kibuyu. Anatapika povu. Anajikaza, hakuna kinachotoka, analia kama mtoto aliyefinywa na mlango. Ben ameondoka na basi la asubuhi, kazi haimngoji. Kabla ya kuondoka alimpigia simu Ndolo.

Ndolo alikuja na pikipiki. Akampapasa tumbo, uso ukabadilika.

"Mama, amekula nini?"

"Nyama iliyopikwa. Vile ulisema."

"Na mifupa?"

Nikaitazama ile sufuria yenye mpini uliovunjika.

"Mfupa mbichi, mbwa huutafuna kama mti mbichi, unapindika. Ukiupika unakauka, unapasuka kama kioo. Vipande vinashona tumbo, vinaziba njia. Hasa wa kuku. Ndiyo nilitaka kukuambia siku ile sokoni."

Angenigombeza ningepata nafuu. Alimpiga sindano, akamwekea maji kwa mpira, akamtia kwa nyuma mafuta ya kulainisha. Akasema Jumamosi ikifika na hakuna kilichotoka, itabidi ampasue, na hajui kama Soja atavumilia.

Wakati tunazungumza Kavindu akaja anakimbia. "Susu! Nyani! Ni wengi!"

Wanajua. Hao wanyama wanajua mlinzi amelala. Nilikimbia na sufuria na mwiko, nikapiga, nikatukana kwa Kikamba matusi ambayo sijayatumia tangu Kyule alipokuwa hai. Nyani hawaogopi mwanamke. Wanatazama gauni wanaendelea kutafuna. Dume kubwa lilikaa juu ya mstari wangu wa kwanza, likachuma ganda bichi, likanitazama, likatafuna polepole kama mzee kwenye harusi.

Nilirudi nyumbani, nikafungua sanduku la Kyule, nikavaa suruali yake. Mimi, mama wa kanisa. Nikafunga kiuno kwa leso, nikavaa kofia yake, nikarudi. Sasa wakasogea. Si mbali, lakini walisogea.

Mistari miwili imeliwa. Ndengu zilizobaki zinahitaji wiki tatu zikauke. Soja amelala kwenye gunia, na ni mkono wangu uliomlisha.

Alhamisi, 28 Desemba

Bado hajatoa kitu. Anakunywa maji kidogo kwenye kiganja cha Kavindu. Halafu Kavindu anaosha, bila kuambiwa.

Nilikuwa shambani na suruali yangu tangu jua lichomoze. Saa nne hivi nikamwona Shamso anakuja kwenye kijia, peke yake; Ndolo alikuwa amempa habari. Aliponiona akasimama. Akaweka mkono mdomoni. Akainama akishika magoti.

"Cheka tu," nikamwambia. "Cheka, utapasuka."

"Mama," akasema akifuta machozi, "ni ya nani hiyo?"

"Ya marehemu. Nyani hawasikii gauni."

"Nipe na mimi kitu."

Nikamtolea koti refu la Kyule la mvua. Akalivaa juu ya dira lake. Kisha akatoa kwenye mfuko kitu kimesukwa kwa katani: kombeo. Akaokota jiwe, akalizungusha juu ya kichwa mara moja, mara mbili, akaachia. Jiwe liliruka mbali kuliko nilivyowahi kuona jiwe likiruka, likagonga mti pembeni ya lile dume kubwa. Dume lilipiga mayowe kama mtu amekanyagwa kidole kanisani. Wote wakaondoka.

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Nimechunga tangu nikiwa kama Kavindu. Fisi hawaogopi gauni pia."

Tulikaa huko mpaka jioni. Aftin alibaki bucha peke yake, akamwambia asirudi mpaka nyani wachoke. Nilimwambia kuhusu mifupa, na kuhusu kumkata Ndolo maneno sokoni. Nilitarajia anihukumu.

"Ungeniuliza tu, mama."

"Sijazoea kuuliza."

"Najua," akasema. "Soko lote linajua."

Ijumaa, 29 Desemba

Shamso amekuja tena. Nyani wamekuja, wamekula jiwe, wamerudi. Soja hajatoa kitu. Tumbo bado gumu. Nimemwambia Mungu: chukua mistari mingine miwili, niachie mbwa.

Jumamosi, 30 Desemba

Leo Soja amekunya.

Naandika bila haya. Asubuhi, kabla Ndolo hajafika na visu vyake, Soja alisimama, akatembea miguu ikitetemeka mpaka nyuma ya ghala, akajikaza, akalia, na ikatoka. Vipande vyeupe vilivyochongoka, na damu kidogo, halafu vingine. Nilisimama hapo nikashangilia kama mtu anayeangalia mpira. Kavindu alirukaruka. Ndolo alipofika nikamwonyesha kwa kijiti, akasema, "Mama, hii ndiyo habari njema ya mwaka huu." Nikazika kila kipande, chini kabisa.

Kisha nikamwambia Ndolo, "Sasa nieleze hiyo ya mifupa. Yote. Mimi nasikiliza." Alinieleza. Sikumkata neno hata moja. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima.

Jumatatu, 1 Januari

Uji mwepesi, kijiko kwa kijiko. Amelamba mkono wa Kavindu. Mkono umeoshwa.

Jumapili, 7 Januari

Akina mama wa kanisa wamepita tena, pua juu. "Mama Ben, ile dawa ya mgongo bado inachemka?"

Nikasimama. Nikasema kwa sauti, hata walioko barabarani wasikie: "Ni nyama ya mbwa wangu. Nampikia mbwa. Na wewe kama unamtupia mbwa wako mapafu mabichi, na mtoto wako anamshika, njoo ukae hapa nikueleze, maana hujui unachofanya." Mmoja akaondoka akicheka. Wawili wakakaa.

Ijumaa, 12 Januari

Soja amerudi shambani. Hakimbii kama zamani, lakini amebweka, na nyani wamekumbuka.

Jumamosi, 20 Januari

Tumevuna! Ndengu zimejaa magunia, hata baada ya mistari waliyokula wale wezi. Shamso amekuja kunisaidia kupura, Aftin ameleta punda wa kubeba. Suruali ya Kyule nimeirudisha sandukuni. Siifui bado.

Adhuhuri ulipofika muda wa Soja kula, nilikuwa nimeshika fimbo ya kupuria na mikono imejaa maganda. Nikamwona Shamso anaondoa sufuria kwenye mafiga. Akapoza kwa kupuliza. Akachambua kwa kijiti, akatafuta mfupa, hakupata. Kisha akaweka bakuli chini, mbele ya Soja, akasogea hatua moja tu nyuma.

"Kula, Soja," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Soja alikula. Shamso akaenda kwenye tangi akanawa mikono vizuri, kwa sababu ya ule mnyoo na kwa dini yake, na mimi nilimshikia mtungi.

Jumatatu, 22 Januari

Mwalimu Nzisa anafungua darasa wiki ijayo. Nitampelekea herufi zangu zote, hakuna iliyotoroka.

Jioni Ndululu amekuja, kofia mkononi, jambo ambalo sijawahi kuona. Mbwa wake mmoja ana mimba, na wajukuu wake wanakuja kutoka Kwa Vonza kukaa naye. Akaangalia pembeni, akaangalia kuku, akaangalia sufuria.

"Mama Ben, sema tu. Hii nyama unaichemsha namna gani?"

Nikamwambia: maji mengi, ichemke mpaka katikati ibadilike, bila chumvi, bila kitunguu, na vifuko vya maji vichomwe, visimkaribie mbwa.

"Haya, nimesikia," akasema, akasimama kuondoka.

Nikamshika koti.

"Hujasikia. Kaa chini, mzee. Bado sijafika kwenye mifupa."